Simu ya Upepo na Kanuni Zake

(Haya ndiyo maneno ya hotuba iliyosomwa na karani wa chama cha ushirika mbele ya wanachama, wazee na walimu, kabla ya kukata shauri juu ya mnara. Tumeombwa kuyapiga chapa ili na walio mbali wapate kuyasoma.)



Mmeniagiza nisimame leo nieleze habari za simu ya upepo, yaani ile njia ya kupeleka habari pasipo waya. Chama chetu kimekwisha kuchanga fedha za kuleta mtandao kutoka makao makuu ya wilaya mpaka ghala yetu ya kahawa, shule na zahanati, na katika mkutano uliopita maneno yalikuwa mengi kuliko maarifa. Wengine walitaka mnara usimamishwe hapa hapa penye ghala. Wengine walisema sharti uwe juu ya kilima. Na mfanyabiashara mmoja amekuja na sanduku lake, akidai ya kuwa lina nguvu za kupenya kilima. Fedha hizo ni jasho la misimu miwili ya kahawa. Zikipotea hazirudi upesi. Basi nitaeleza kwanza kitu chenyewe, na maoni yangu nitayatoa baadaye, nanyi mtayapima.

Nianze na jina. Wazee wetu waliita kitu hiki simu ya upepo, na jina ni zuri, lakini lapotosha kidogo, kwa maana upepo haufanyi kazi yo yote hapa. Upepo ukivuma kutoka mashariki, habari haziendi upesi zaidi upande wa magharibi. Wala hewa yenyewe haihitajiwi, kwani huko juu kati ya dunia na mwezi, mahali pasipo hewa, habari hupita vile vile. Kinachochukua habari ni wimbi la umeme na sumaku, nalo ni ndugu yake nuru. Huenda kwa mwendo wa nuru, yaani kilometa 300,000 kwa sekunde moja, mwendo ambao ungeweza kuizunguka dunia mara saba na nusu kabla hamjamaliza kusema “karibu”. Tofauti ya wimbi hili na nuru ni moja tu: wimbi la redio ni refu, na jicho haliwezi kuliona.

Mwenye kutaka kuelewa urefu huo na atupe jiwe katika bwawa lililotulia. Ataona viduara vikitoka katikati na kwenda pembeni. Umbali wa kutoka mgongo wa kiduara kimoja mpaka mgongo wa kile kinachofuata ndio urefu wa wimbi; na hesabu ya migongo inayopita mbele ya mguu wake katika sekunde moja ndiyo masafa. Masafa hupimwa kwa hezi, jina lililotoka kwa mtaalamu Mdachi ambaye nitamtaja punde. Hezi milioni moja ni megahezi moja, na megahezi elfu ni gigahezi moja. Kwa kuwa mwendo ni ule ule sikuzote, masafa yakizidi, wimbi hufupika. Wimbi la megahezi 1 lina urefu wa meta 300. Wimbi la megahezi 100, ambalo ni la zile redio za FM mnazosikiliza majumbani, lina urefu wa meta 3. Na wimbi la gigahezi 2.4, ambalo ndilo tunalotaka kulileta hapa, lina sentimeta 12 na nusu tu, kama nusu ya shubiri. Tafadhali mliweke jambo hili moyoni, kwa sababu ugomvi wetu wote wa kilima na ghala unatokana nalo.

Wimbi peke yake halisemi neno. Ni kama mtu apigaye ngoma pigo moja tu usiku kucha. Utajua yuko macho, lakini hutajua kama ni arusi au msiba. Ili ngoma iseme, sharti mpigaji abadili mapigo. Vivyo hivyo fundi wa redio hulibadili wimbi: pengine hulitia nguvu na kulipunguza, pengine huyabadili masafa yake kidogo, pengine huliwasha na kulizima. Mashine za zamani ziliwasha na kuzima tu, fupi na ndefu, na kwa nukta hizo na mistari wakatunga herufi. Kompyuta za leo hufanya jambo linalofanana na hilo, ila herufi zao zote zimetungwa kwa alama mbili, moja na sufuri, na upesi wake hauna mfano. Mpigaji hodari wa simu za zamani aliweza kupeleka maneno ishirini na zaidi kwa dakika. Kanuni ya kwanza ya mtandao usio waya, ile ya mwaka 1997, iliruhusu alama milioni 2 kwa sekunde, yaani herufi kama 250,000. Na hiyo leo huhesabiwa kuwa konokono.

Sasa nitasema kidogo juu ya watu walioitafuta elimu hii. James Clerk Maxwell, mtu wa Scotland, katika mwaka 1865 alionyesha kwa hesabu tupu ya kuwa mawimbi ya namna hii sharti yawepo, ingawa hapakuwa na mtu aliyepata kuyashika. Heinrich Hertz, yule Mdachi niliyemtaja, akayashika katika chumba chake cha majaribio mjini Karlsruhe kati ya miaka 1887 na 1888: alirusha cheche upande mmoja wa chumba, na cheche ndogo ikaonekana upande wa pili pasipo kitu cho chote kuviunganisha. Jagadish Chandra Bose, Mhindi wa Calcutta, katika miaka ya 1890 alifanya kazi na mawimbi mafupi sana ya milimeta chache. Namtaja kwa makusudi, kwa sababu wako wanaodhani elimu hii yote ilizaliwa Ulaya. Na Guglielmo Marconi, Mwitalia, ndiye aliyeigeuza kuwa biashara. Tarehe 12 Desemba 1901 alisema amesikia katika kisiwa cha Newfoundland alama zilizopigwa kutoka Poldhu, Uingereza, ng'ambo ya bahari, mbali zaidi ya kilometa 3,000. Wako wataalamu wanaoshuku kama siku ile alisikia kweli, walakini baada ya muda mfupi habari zilivuka bahari bila shaka yo yote.

Pengine mtauliza: Je, ikiwa wimbi lake lilivuka bahari iliyopinda kama dunia ilivyopinda, mbona letu lishindwe na kilima kimoja? Swali ni la haki. Mawimbi marefu hutambaa juu ya nchi na kuinama pamoja nayo. Mawimbi ya megahezi 3 hadi 30 hupanda juu, yakakuta tabaka la anga lenye umeme, yakarudishwa chini kama mpira uliopigwa darini. Jambo hili Edward Appleton alilithibitisha kwa majaribio Uingereza katika mwaka 1924. Ndiyo sababu babu zetu waliweza kusikiliza redio ya London kwa kisanduku kidogo. Lakini mawimbi mafupi ya gigahezi hayana tabia hiyo. Hupenya tabaka lile na kwenda zake mbinguni, wala hayainami sana penye kizuizi. Hutaka kuonana uso kwa uso.

Hapa kwetu elimu hii iliingia kwa vita. Wadachi walikuwa wamesimamisha mnara wa simu ya upepo Dar es Salaam, na tarehe 8 Agosti 1914, siku chache tu baada ya vita kuanza, manowari ya Waingereza iitwayo Astraea ilikuja kuupiga mji kwa sababu ya mnara huo. Mwezi wa Juni 1915 askari walivushwa ziwa wakaingia Bukoba, na kituo cha simu cha huko kikabomolewa. Mataifa makubwa hayatumii mizinga kuvunja vitu visivyo na maana.

Nimefika sasa kwenye kanuni, na hapa nitakawia kidogo, kwa kuwa watu wengi hudhani ya kuwa mitambo mizuri yatosha. Haitoshi. Watu wawili wenye sauti nzuri, mmoja asemaye Kihaya na mwingine Kimakonde, hawataelewana mpaka wapate lugha moja, na tena mpaka wakubaliane nani aseme kwanza. Katika mwaka 1902 Prince Heinrich wa Prussia, ndugu yake Kaisari wa Wadachi, alikuwa akirudi kutoka Marekani katika meli iitwayo Deutschland. Alitaka kumpelekea Rais Roosevelt salamu za shukrani. Kituo cha pwani kilikuwa cha kampuni ya Marconi, na meli ilikuwa na mitambo ya kampuni nyingine. Kituo kikakataa kuzipokea salamu zake. Mawimbi yalikuwa yale yale, ila wenye mitambo ya Marconi hawakuruhusiwa kusema na wageni. Ghadhabu iliyotokea haikuwa ndogo. Mataifa yakakutana Berlin katika mwaka 1903, na tena 1906, wakapatana ya kuwa kituo cha pwani sharti kipokee habari za meli yo yote, iwe na mitambo ya nani. Ndipo pia alama tatu za SOS zilipokubaliwa kuwa kilio cha meli zote zilizo hatarini.

Lakini kupatana lugha ni nusu ya kazi. Usiku wa tarehe 14 Aprili 1912 meli iitwayo Titanic iligonga mlima wa barafu. Muda mfupi kabla ya hapo, meli nyingine iitwayo Californian, iliyokuwa karibu, ilimpigia habari za barafu. Kwa kuwa ilikuwa karibu, alama zake ziliingia kwa nguvu na kufunika zile za mbali alizokuwa akizisikiliza mpigaji wa Titanic, naye akamjibu kwa ukali anyamaze, kwa sababu ana kazi na kituo cha pwani. Mpigaji wa Californian alikuwa peke yake katika meli yake. Baada ya kazi ya mchana kutwa akaifunga mashine akaenda kulala. Titanic ilipolia, hapakuwa na sikio pale karibu. Meli Carpathia, iliyokuwa mbali zaidi, ilisikia ikaja, ikaokoa watu waliozidi kidogo 700. Waliokufa walizidi 1,500. Baada ya hayo ikaandikwa sheria ya kuwa meli kubwa za abiria ziwe na msikilizaji usiku na mchana. Angalieni basi mambo mawili: anayesema wakati mwingine anasikiliza huharibu maneno ya wote wawili, na asiyesikiliza hana faida ya kuwa na mashine.

Mambo hayo mawili ndiyo yaliyotengenezwa tena miaka mingi baadaye kwa ajili ya kompyuta. Katika mwaka 1971, katika visiwa vya Hawaii, Norman Abramson na wenzake wa chuo kikuu cha huko walitaka watu wa visiwa mbalimbali waweze kuitumia kompyuta iliyokuwa Honolulu. Hawakuwa na waya chini ya bahari za kutosha, wakatumia redio, na masafa yalikuwa machache kuliko wasemaji. Shauri lao lilikuwa rahisi mno. Kila mashine na iseme inapotaka, kwa vipande vifupi. Ikipata jibu kwamba kipande kimefika, vema. Isipopata jibu, ijue ya kuwa imegongana na mwingine. Ingoje muda usiopangwa, mrefu au mfupi kwa bahati, kisha irudie. Kwa sababu kila mmoja angoja muda wake, hawagongani tena kwa urahisi. Hivyo ndivyo watu wawili waliokutana mlangoni wanavyopishana.

Katika mwaka 1985 Serikali ya Marekani ilitoa ruhusa ya ajabu: sehemu kadha za masafa, mojawapo ile ya gigahezi 2.4, zitumiwe na watu bila leseni kwa mitambo ya nguvu ndogo inayotawanya habari zake juu ya masafa mengi. Sehemu hizo zilikuwa kama malisho ya kando ya njia, yasiyopendwa na mtu, kwa kuwa majiko ya mawimbi na mitambo mingine ilikwisha kupiga kelele humo. Makampuni yakaingia, kila moja na lugha yake, na mambo ya Prince Heinrich yakataka kurudi. Ndipo chama cha wahandisi kiitwacho IEEE kilipounda kamati, na katika mwaka 1990 Vic Hayes, mtu wa Uholanzi, akawa mwenyekiti wake. Walibishana miaka saba. Katika mwaka 1997 wakatoa kanuni iitwayo 802.11. Nimesikia watu wakicheka kwamba miaka saba ni mingi kwa kuandika kitabu kimoja. Mimi sicheki, nimekaa katika kamati ya barabara ya tarafa.

Tangu hapo kanuni imeongezwa mara kwa mara, na kila nyongeza hupewa herufi. Katika 1999 zilitoka mbili, a na b. Katika 2003 ikatoka g. Katika 2009, n. Katika 2013, ac. Katika 2021, ax. Hamna haja ya kuzikariri. Jina Wi-Fi ni alama ya biashara ya chama cha makampuni kilichoanzishwa mwaka 1999, ambacho hujaribu mitambo kama kweli yaelewana. Chombo chenye alama hiyo kimejaribiwa. Sanduku la yule mfanyabiashara nimelitazama pande zote sita, wala sikuiona.

Jambo moja katika kanuni hizo lapendeza kulisimulia. Wimbi ndani ya nyumba hugonga kuta, meza na mabati, likarudi kama mwangwi. Maneno yakifuatana upesi, mwangwi wa neno la kwanza huanguka juu ya neno la tatu. Mtu asemaye katika kanisa kubwa ajua taabu hiyo, naye hujifunza kusema polepole. Huko Australia, John O'Sullivan na wenzake wa taasisi ya CSIRO walikuwa watazamaji wa nyota kwa redio, na katika miaka ya 1970 yeye alikuwa ametafuta alama hafifu kutoka mbinguni asizipate. Hesabu zilizosafisha alama za mbinguni zikawafaa kusafisha za chumbani. Badala ya kusema upesi kwa sauti moja, habari hugawanywa kwa sauti nyingi, kila moja ikisema polepole kwenye masafa yake, na mpokeaji huzikusanya. Katika ile kanuni yenye herufi a, sauti hizo ni 52. Hati ya Marekani ya kulinda uvumbuzi wao ilitolewa mwaka 1996, na makampuni mengi baadaye yalilazimika kuwalipa.

Sasa turudi kwetu. Kutoka mnara wa bomani mpaka ghala yetu ni kama kilometa 10, na katikati umesimama kilima chenye mikaratusi. Nguvu za mtambo wetu zitakuwa ndogo. Mashine ya kawaida ya Wi-Fi hutoa kama sehemu ya kumi ya wati moja. Tena, nguvu hutawanyika kadiri wimbi linavyokwenda: umbali ukiwa mara mbili, kinachofika ni robo. Mtasema, hivyo haiwezekani. Lakini antena yenye umbo la sahani hukusanya wimbi upande mmoja, kama kioo cha taa ya gari kinavyokusanya mwanga. Katika mwaka 2007 Ermanno Pietrosemoli na wenzake huko Venezuela waliunganisha vilele viwili vya milima vilivyoachana kilometa 382, wakitumia mashine ndogo za kununuliwa dukani, sahani, na programu waliyoibadili. Kubadili programu kulihitajiwa kwa sababu mashine ya kawaida hungoja jibu kwa muda mfupi mno. Habari huchukua zaidi ya sekunde moja ya elfu kufika kilometa zile, na mashine ingedhani imepotea. Huko kusini mwa India nako, hospitali ya macho ya Aravind iliyoko Theni iliunganishwa na zahanati za vijijini kwa njia ya namna hii, kwa msaada wa wataalamu wa Chuo Kikuu cha California mjini Berkeley. Mgonjwa hukaa kijijini kwake, na daktari aliye mjini humwona na kusema naye. Habari hiyo na iwafikirishe walio na wazazi wenye mtoto wa jicho.

Lakini angalieni: vilele vile viwili vilionana. Hilo ndilo sharti. Wala si kuonana tu kwa uzi mwembamba. Wimbi linapokwenda huhitaji nafasi kulizunguka, yenye umbo la yai refu, nyembamba penye ncha na nene katikati. Kwa kilometa 10 na gigahezi 2.4, nafasi hiyo katikati ya njia ina nusu kipenyo cha meta 18 hivi, na mafundi hutaka angalau sehemu sita katika kumi ziwe wazi, yaani kama meta 11. Kwa gigahezi 5.8 zatosha kama meta 7. Kwa hiyo mnara ukiwa hapa penye ghala, hata ukipandishwa meta 20, tumbo la yai litalala ndani ya kilima. Hakuna sanduku la kupenya jambo hilo. Na mikaratusi nayo ni adui, maana majani yamejaa maji, na maji hunywa wimbi. Jiko la mawimbi hupasha chakula moto kwa tabia hiyo hiyo. Mtu akijaribu mtambo wakati wa kiangazi akafurahi, masika yakifika majani yakalowa, atalalamika. Mvua yenyewe, kwa masafa haya, haina madhara makubwa.

Kwa hiyo maoni yangu ni haya. Mnara mdogo usimamishwe juu ya mgongo wa kilima, mahali panapoonana na boma upande mmoja, na ghala, shule na zahanati upande wa pili. Utapokea huku na kupeleka huku. Utahitaji sahani ya jua na betri, maana huko juu hakuna umeme, na utahitaji mlinzi, kwa sababu betri ina miguu. Gharama itazidi ile ya mnara wa ghalani, sikatai. Lakini mnara wa ghalani ni rahisi kama vile kisima kifupi kisichofika penye maji kilivyo rahisi. Mzee mwenye mikaratusi ameombwa aiache miti michache ikatwe, naye amesema atataka fidia. Ana haki, nasi tuiandike fidia hiyo katika hesabu tangu sasa, isije ikawa kesi.

Kisha habari za kugawana. Mtandao huu si bomba ambalo kila nyumba ina lake. Ni baraza lenye mwenyekiti asiyeonekana: kila mashine husikiliza kwanza, ikisikia kimya, hungoja kidogo kwa bahati, kisha husema, ikijibiwa, hunyamaza. Mmoja akisema, wengine wote wamenyamaza. Basi wakiwa watano mambo huenda upesi; wakiwa hamsini huenda polepole, wala si kosa la fundi. Tena mmoja aliye mbali, ambaye kwa udhaifu wa wimbi lake hulazimika kusema polepole, huwachelewesha na walio karibu. Na lipo tatizo la walio pande mbili za kilima: kila mmoja anausikia mnara, lakini wenyewe hawasikiani, hivyo kila mmoja hudhani baraza ni kimya, wakasema pamoja. Kanuni ina dawa, nayo ni kuomba ruhusa kwa mnara kwanza, ila fundi sharti aiwashe. Katika gigahezi 2.4 chaneli ziko kumi na zaidi, lakini zimebanana; zisizoingiliana ni tatu tu, kwa kawaida ya 1, ya 6 na ya 11. Duka la karibu na ghala likiwa linatumia ya 6, sisi tuchukue nyingine. Kabla ya kununua tuulize pia Mamlaka ya Mawasiliano masafa gani na nguvu kiasi gani vimeruhusiwa kwa mnara wa namna hii, kwa maana “bila leseni” ya Marekani si sheria ya Tanzania.

Juu ya siri: wimbi halina mlango. Anayepita njiani na kompyuta yake anaweza kulipokea. Kwa hiyo habari hufungwa kwa neno la siri. Kufuli ya kwanza iliyoitwa WEP ilivunjwa na wataalamu katika mwaka 2001, na mtu asiwauzie chombo chenye hiyo peke yake. WPA2 ilikuja mwaka 2004, na WPA3 mwaka 2018. Tudai mojawapo ya hizo. Vitabu vya malipo ya kahawa vitapita humo, pamoja na habari za wagonjwa. Neno la siri lisiandikwe ukutani penye mizani, kama lilivyoandikwa la simu ya ofisi.

Mama mmoja ameniuliza kama mawimbi haya yatadhuru watoto wa shule. Namjibu kwa heshima. Mawimbi ya redio si kama yale ya picha za mifupa hospitalini, ambayo yaweza kuvunja vitu vidogo mwilini. Haya, yakiwa na nguvu nyingi, hupasha joto. Jiko la mawimbi lina wati 700 au 1,000 zilizofungiwa ndani ya sanduku la chuma. Mashine ya shule ina sehemu ya kumi ya wati moja, nayo imetawanyika chumba kizima. Mataifa yameweka mipaka ya nguvu, na chombo chetu kitakuwa chini sana ya mipaka hiyo. Zaidi ya mawimbi, mimi ningeogopa watoto kupanda mnara. Uwekewe ua.

Neno la mwisho ni la kazi. Kabla ya kukata shauri, yafaa tujue kama kweli mgongo wa kilima unaonana na boma, maana hata sasa tunasema kwa kudhani. Jumamosi ijayo, saa nne asubuhi, ikiwa hakuna mawingu, mwalimu mkuu atapanda kilimani na kioo kikubwa, na karani mwenzangu wa bomani atasimama chini ya mnara wao na kioo cha pili. Kila mmoja atamrushia mwenziwe mwanga wa jua. Tukiuona, tutajua njia ya nuru i wazi, na kilichosalia kitakuwa kupima ile nafasi ya meta 11 na kuhesabu miti ya kukata. Tusipouona, tutatafuta mgongo mwingine. Vijana sita wanahitajiwa kufyeka njia ya kupandia. Majina yaandikwe kwangu kabla ya Alhamisi, na kila mmoja aje na panga lake.